Sarafu Kuukuu za Shaba: Kuzitunza na Kupima Hali Yake katika Fizi na Baraka

Sarafu za shaba ziliingia mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika kwa njia mbili: kutoka kwa serikali iliyotawala Kongo, na kutoka ng'ambo, kwa mitumbwi na majahazi ya wafanyabiashara. Kabla ya hapo watu wa ziwa walibadilishana nguo, chumvi ya Uvinza na shanga, na soko la Ujiji lilihesabu shanga kama fedha halisi.

Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ilianza kutoa sentimu 1, 2, 5 na 10 za shaba mwaka 1887. Zote zina tundu katikati, lililofaa kupitisha kamba. Upande mmoja tundu limekaa ndani ya nyota. Upande wa pili limezungukwa na herufi za jina la mfalme zenye taji. Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908, sentimu 1 na 2 za shaba ziliendelea, zikiwa na tarehe za 1910 na 1919.

Za ng'ambo ni za aina nyingi zaidi. Pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar ina picha ya mizani na mwaka wa Hijra 1299, yaani 1882. Pesa ya kampuni ya Wajerumani, ya 1890 hadi 1892, ina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande mwingine. 64 kati yake zilifanya rupia moja. Kuanzia 1904 rupia iligawanywa katika hela 100, na hela hiyo ya shaba yenye taji ndiyo iliyosambaa kuliko zote za Wajerumani. Mwaka 1916, fedha zilipoadimika kwa sababu ya vita, karakana ya Tabora ilipiga hela 5 na hela 20 kwa mabaki ya shaba, zikiwa na herufi T. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huohuo, na Kigoma ikabaki mikononi mwao hadi 1921. Baadaye zikaja senti 5 na 10 za Afrika Mashariki, zenye tundu na pembe mbili za ndovu, zilizoendelea kutolewa hadi 1964.

Thamani ya vitu hivi kwa watu wa Fizi si ya sokoni tu. Vita vya 1996 na vilivyofuata viliwavusha watu wengi ziwa hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na nyaraka, picha na masanduku ya wazee vikapotea njiani. Katika baadhi ya nyumba sarafu ya babu, iliyofungwa kwenye ncha ya kitenge, inaweza kuwa kitu pekee cha zamani kilichobaki. Ndiyo maana inastahili kutunzwa kwa makini.

Shaba ikikaa hewani hujifunika utando mwembamba wa kahawia, kisha mweusi. Utando huo si uchafu: umetokana na shaba yenyewe, ndio unaoikinga, na ndani yake yamo maandishi na mistari midogo ya muhuri. Ardhini, unyevu na hewa ya kaboni huweza kuongeza ukoko wa kijani kibichi, mgumu, uliong'ang'ania. Huo nao umetulia na hauna haraka ya kuondolewa.

Hatari iko kwenye kijani cha namna nyingine: madoa mapauko, ya unga, yanayopukutika yakiguswa kwa ncha ya kijiti cha mwanzi. Hiyo ni kazi ya kloridi, inayotoka kwenye chumvi, jasho la mikono au udongo wa pwani. Maji ya Tanganyika ni matamu, lakini sarafu iliyotoka Zanzibar au iliyokaa karibu na mfuko wa chumvi inaweza kuwa imebeba kloridi miaka mingi. Unyevu ukipanda, kloridi huzaa tindikali, tindikali hula shaba, na mzunguko huanza upya mpaka sarafu itoboke. Sarafu yenye unga huo hutengwa na nyingine mara moja na kuwekwa mahali pakavu kabisa. Kuiponya ni kazi ya mtaalamu wa makumbusho.

Kinachoharibu sarafu nyingi kuliko kutu ni usafishaji. Ndimu, siki, majivu, mchanga, dawa ya meno na burashi ya waya huipa mng'ao wa waridi unaopendeza kwa juma moja, na huondoa ngozi ambayo hairudi tena. Mnunuzi anayejua huutambua mng'ao huo papo hapo na kushusha bei. Udongo uliogandana hulowekwa katika maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale yanayouzwa kwa betri yakiwa hayana tindikali. Maji hayo hubadilishwa kila siku, kisha udongo ulioregea hutolewa kwa kijiti cha mwanzi, kamwe si kwa sindano. Baada ya hapo sarafu hukaushwa kabisa kwa kitambaa laini cha pamba, kwa kugandamiza bila kusugua.

Sarafu hushikwa kwa ukingo. Mifuko laini ya plastiki inayonuka haifai, kwa kuwa baadhi yake hutoa tindikali na kuacha utelezi wa kijani. Mpira wa kufungia una salfa na huacha mstari mweusi. Bahasha ya karatasi nyeupe, ndani ya kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, inatosha. Vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya au dawa hutiwa humo, hasa majira ya mvua.

Kupima hali huangalia kilichochakaa, si umri. Wauzaji wa Ubelgiji na Ufaransa hutumia herufi: B kwa iliyolika sana, TB, TTB, SUP, hadi FDC, isiyowahi kutumika. Marekani hutumia namba 1 hadi 70, mizani iliyobuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa senti za shaba hasa. Sehemu zilizoinuka ndizo hulika kwanza: kwenye sentimu ya Leopold, taji na ncha za nyota, kwenye hela, misalaba ya taji. Tundu huchunguzwa peke yake, kwani sarafu iliyovaliwa shingoni hulika upande mmoja wa ukingo wake wa ndani, ilhali maandishi yamebaki makali. Hali hiyo huandikwa wazi, pamoja na rangi: nyekundu ya asili, nyekundu-kahawia, au kahawia.

Uzito unaosaidia kugundua bandia hupatikana kwa wanunuzi wa dhahabu wa Misisi au Baraka, wenye mizani nyeti. Tola, kipimo chao cha gramu 11.66, ndiyo uzito wa rupia ya fedha ya wakati wa Wajerumani. Matokeo huandikwa kwenye bahasha kwa penseli kabla sarafu haijaingizwa: aina, mwaka, uzito, hali, aliyeiacha, na kijiji au shimo ilikotoka. Iliyochimbwa ardhini pamoja na vyungu au mifupa haihamishwi kimyakimya; sheria ya 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni za nchi, na Taasisi ya Makumbusho ya Taifa ndiyo inayohusika nazo.