Kamera Ipi Yatufaa?

Mwaka jana katika mahafali ya Kidato cha Nne mgeni wetu wa heshima alichelewa njiani, na vyeti vilianza kutolewa jua likiwa limekwisha kuzama. Mimi ndiye niliyeshika kamera ya shule. Mimi ndiye pia niliyeichagua dukani, kwa sababu sanduku lake liliandikwa megapikseli 20, nami nikadhani namba kubwa ndiyo picha nzuri. Picha zote za jioni ile zilitoka chenga tupu, kama televisheni isiyoshika stesheni. Mama mmoja alikuja kuulizia picha ya binti yake akipokea cheti. Nilipomwonyesha aliitazama kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, huyu ndiye?"

Sasa wazazi wamechanga fedha tununue kamera nyingine, na kwa kuwa nafundisha Fizikia yanipasa nieleze kosa langu lilikuwa wapi.

Nyuma ya lenzi, pale ulipokaa mkanda wa filamu zamani, pana kibati kidogo kiitwacho sensa (si ile ya kuhesabu watu ya Agosti 2022!). Kibati hicho kimegawanywa vyumba vidogo mno, mamilioni, na kila kimoja ni pikseli. Nuru ikiingia humo huzaa umeme kidogo. Umeme hupimwa, hugeuzwa tarakimu, na tarakimu zikipangwa ndiyo picha. Pikseli yenyewe haijui rangi, basi juu yake huwekwa kichujio, chekundu, cha buluu au cha kijani. Vya kijani huwa nusu ya vyote, maana jicho la mtu huisikia sana rangi hiyo.

Sensa ya namna ya CCD ilibuniwa Marekani mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak aliunda kamera yenye pikseli 10,000 tu, na kuandika picha moja katika kaseti kulichukua sekunde 23! Katika CCD umeme hupokezanwa pikseli kwa pikseli hadi mlangoni, mfano wa watu wapokezanao ndoo toka kisimani. Siku hizi karibu kamera zote zina sensa ya CMOS, ambayo kila pikseli ina kikuza umeme chake. Hii yala betri kidogo, nalo ni jambo kubwa kwa akaaye mbali na umeme.

Lakini lililoniponza mimi ni ukubwa wa sensa. Chukueni rula. Sensa ya kamera ile yangu ya mfukoni ina upana wa milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6, yaani milimita za mraba 28.5. Kamera nyingi za kubadili lenzi zina sensa ya 23.5 kwa 15.6, yaani yapata 367. Gawanyeni: ni takriban mara 13. Basi zikiwa na pikseli sawasawa kwa hesabu, kila pikseli ya sensa kubwa ina eneo mara 13 la kupokea nuru. Yakishuka manyunyu, beseni uani litapata maji ya kupimika, na kikombe kitapata matone mawili matatu ya kubahatisha. Mchana wa Kahama ni mvua kubwa, hata kikombe hujaa. Jioni ndipo kikombe huumbuka, na kule kubahatisha ndiko chenga.

Na hizo pikseli nyingi twazitakia nini? Picha ya inchi 6 kwa 4, ikichapwa nukta 300 kwa inchi, yahitaji 1,800 mara 1,200, yaani pikseli milioni 2.16 tu. Ukurasa mzima wa A4 wahitaji kama milioni 8.7.

Basi kila mtu aanze na haja yake. Apigaye picha za pasipoti, mwenye taa zake na kiti kisichosogea, asijitese kununua sensa kubwa. Mwanafunzi wa Biolojia atakaye picha za majani na wadudu mchana, simu yamtosha. Bali apigaye harusi na ngoma za usiku, huyo auze mbuzi akanunue sensa kubwa, hata ya mtumba.

Ila kamera ya kubadili lenzi ina adui yake hapa kwetu: vumbi la kiangazi. Likitua kwenye sensa huleta madoa meusi angani katika kila picha. Badilini lenzi ndani ya chumba, mdomo wa kamera ukitazama chini, na msipulize kwa kinywa, maana mate ni mabaya kuliko vumbi.

Katika kikao wengine walitaka mpya ya megapikseli 24 yenye sensa ndogo. Mimi nikaomba ya mtumba ya megapikseli 12 yenye sensa kubwa, nikawaonyesha picha ya binti yule. Hawakubishana sana. Tumeijaribu darasani saa moja jioni kwa taa moja, na majina ubaoni yanasomeka.

Yule mama ana mtoto mwingine hapa, yuko Kidato cha Tatu.