Shule Iliahidi Kumsaidia Mtoto Kuingia Chuo: Unaweza Kudai Nini?

Kila mwaka, kuanzia Septemba hadi Januari, wazazi wanaosomesha watoto katika shule za kibinafsi zenye mtaala wa Uingereza hapa Kenya huingia kwenye mgogoro wa aina moja. Karo imelipwa. Ada ya ushauri wa vyuo, ambayo shule nyingine huiandika peke yake kwenye ankara, nayo imelipwa. Kisha tarehe ya mwisho ya kutuma maombi inapita, na mzazi anagundua kwamba barua ya mwalimu haikutumwa, au kwamba mshauri aliyesifiwa sana siku ya kuandikisha mtoto aliacha kazi muhula uliopita na hakuna aliyeshika nafasi yake.

Mzazi mwenye uchungu husema, "Mwanangu amekosa chuo kwa sababu ya shule." Uchungu huo una haki yake, lakini dai likiwekwa hivyo ni dhaifu. Nafasi ya chuo si mali ya shule. Anayeitoa ni chuo chenyewe, na chuo kina sababu zake. Kilicho mali yako, ulichokilipia, ni kazi: barua iandikwe, alama zitumwe, fomu ihakikiwe, mtoto apewe mtu wa kumwongoza, na yote yafanyike kabla ya tarehe. Mzazi anayedai kazi ana kesi. Anayedai nafasi atapoteza muda na pesa akibishana kuhusu jambo ambalo shule haikuwa na uwezo nalo.

Uhusiano wako na shule ya kibinafsi ni mkataba. Mkataba huo si ile fomu moja uliyotia sahihi tu. Ndani yake mnaweza kuingia masharti ya kujiunga, kijitabu cha kutangaza shule, ankara za kila muhula, na barua pepe ambazo mkuu wa shule alikuandikia ulipouliza maswali. Zikusanye zote, uzisome upya ukitafuta ahadi, na uzipime moja moja. "Tutamsaidia mwanafunzi kufikia ndoto zake" ni maneno ya sifa, na ni vigumu mahakama kuyageuza kuwa wajibu. "Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho atapewa mshauri wake na vikao viwili kila muhula" ni ahadi inayohesabika: ama vikao vilifanyika, ama havikufanyika. "Wanafunzi wetu wote huingia vyuo bora duniani" ni tamko la ukweli, na tamko la ukweli linaweza kuwa la uongo.

Hapo ndipo sheria ya watumiaji inapoingia. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mtumiaji haki ya kupata huduma yenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na huduma hiyo, na haki ya kulipwa fidia huduma mbovu inapomtia hasara. Mzazi anayelipia elimu ya mwanawe ni mtumiaji. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakwenda mbali zaidi: inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha, yakiwemo yale yanayotia chumvi kuhusu jambo la msingi. Aliyeingia mkataba kutokana na maelezo kama hayo anaweza kuuvunja kwa kutoa notisi ndani ya mwaka mmoja wa kuingia mkataba huo. Na haki zilizo katika sheria hii hazifutwi na masharti ya mkataba. Kwa hiyo ukiambiwa, "Lakini ulitia sahihi kwamba shule haitawajibika kwa lolote," usikate tamaa hapo hapo. Sahihi hiyo haimalizi mambo.

Sasa tuangalie kazi yenyewe, maana huko ndiko migogoro mingi inakozaliwa na ndiko ushahidi unakopatikana. Kwa mwanafunzi anayeomba vyuo vya Uingereza, maombi hupitia mfumo wa UCAS. Akiomba kupitia shule, mwanafunzi hujaza sehemu yake na kulipa, kisha ombi linakaa kwa shule likisubiri maelezo ya mwalimu na alama za makadirio. Ni shule inayolituma. Kwa Oxford, Cambridge na kozi nyingi za udaktari, tarehe ya mwisho ni 15 Oktoba. Kwa kozi nyingine nyingi ni Januari. Kwa Marekani, vyuo vingi hutumia mfumo wa Common App, ambamo mshauri wa shule ndiye anayetuma ripoti ya shule na rekodi ya alama za mwanafunzi, na walimu hupakia barua zao wenyewe. Mtoto hawezi kuzifanya hatua hizi kwa niaba ya shule. Hatua ambayo shule peke yake ndiyo inayoishikilia ni hatua ambayo shule haina mwingine wa kumlaumu kwa kuchelewa kwake.

Alama za makadirio ni jambo tofauti, na hapa lazima niseme wazi kwa sababu wazazi wengi hugombana bure. Mwalimu anapokadiria kwamba mwanao atapata B katika Kemia, huo ni uamuzi wa kitaaluma. Hakuna sheria inayokupa uwezo wa kumlazimisha aandike A, na mahakama haitaketi kusahihisha karatasi za majaribio. Unachoweza kudai ni utaratibu: kadirio lilitokana na mitihani ipi, je, sera ya shule ilifuatwa, je, mtoto mwingine mwenye alama zile zile alikadiriwa vivyo hivyo. Na mzazi anayempa mwalimu chochote ili alama ipandishwe ameshaondoka kwenye haki na kuingia kwenye kosa la jinai.

Tuseme ni tarehe 20 Septemba, mwanao anaomba udaktari, na ombi lake bado liko kwa shule. Usipige simu tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na simu haina daftari. Mwandikie mkuu wa shule barua pepe fupi, nakala kwa mshauri: "Mwanangu wa mwaka wa 13 alikamilisha sehemu yake ya ombi la UCAS tarehe 12 Septemba. Tarehe ya mwisho ya kozi yake ni 15 Oktoba. Naomba mnithibitishie kwa maandishi ni nani anayeandika maelezo yake, na kwamba ombi litatumwa kabla ya tarehe 5 Oktoba. Nimeambatisha ankara ya muhula huu inayoonyesha ada ya ushauri wa vyuo tuliyolipa." Haina matusi wala vitisho vya wakili. Ina tarehe, jina la kazi, na uthibitisho wa malipo. Shule ikijibu, una ahadi mpya iliyo wazi kuliko ile ya kwenye kijitabu. Ikinyamaza, ukimya wake umeandikwa pia.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ni silaha nyingine ambayo wazazi wachache huitumia. Alama za mwanao, rekodi za vikao vyake na mshauri, na tarehe ambazo nyaraka zake zilitumwa ni taarifa zake binafsi. Ana haki ya kuziona, na kanuni za 2021 zinampa anayeshikilia taarifa hizo siku 7 za kujibu ombi, bila malipo. Mtoto akiwa chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayeomba. Akishafika 18, na wengi wa mwaka wa mwisho wamefika, ombi liandikwe na yeye mwenyewe au akupe idhini. Shule ikikataa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria ina siku 90 za kuyashughulikia. Ofisi hiyo haiogopi shule: mwaka 2023 iliipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ila fahamu mpaka wake. Sheria hii itakupa rekodi, haitamlazimisha mwalimu kuandika sifa za mtoto. Na kama mwanao katika fomu ya Common App alikubali kuiacha haki ya kusoma barua za mapendekezo, omba uthibitisho wa tarehe zilipotumwa badala ya kudai kuzisoma.

Jambo linaloumiza familia nyingi kuliko yote ni karo kugeuzwa kuwa fimbo, na pande zote mbili huishika. Mzazi anakasirika, anasimamisha malipo. Shule inakasirika, inazuia rekodi ya alama. Anayebaki katikati ni mtoto wa miaka 17 ambaye tarehe yake haisubiri mtu. Ushauri wangu ni kwamba usisimamishe karo. Lipa, na siku hiyo hiyo andika kwamba unalipa bila kuacha dai lako kuhusu huduma ambayo haikutolewa. Maneno hayo machache hulinda haki yako, na huinyima shule sababu ya kusema kwamba wewe ndiwe uliyevunja mkataba kwanza. Kama tayari una deni, andikianeni na shule makubaliano ya malipo, na uombe rekodi itumwe chuoni wakati ukiendelea kulipa.

Je, tarehe ikiwa imeshapita? Kwanza fanya kila liwezekanalo kuokoa mwaka. Sheria inamtaka aliyepata hasara ajitahidi kuipunguza, na mahakama itakuuliza ulifanya nini. Andikia chuo ueleze kwamba ucheleweshaji ulikuwa wa shule. Vyuo vingi vya Uingereza hupokea maombi baada ya Januari kama nafasi zipo, na kuanzia Julai kuna utaratibu wa kujaza nafasi zilizobaki. Tunza risiti ya kila senti unayotumia katika juhudi hizo, kwa sababu gharama hizo ni sehemu ya dai.

Kuhusu kiasi cha fidia, ada uliyolipia ushauri ambao hukuupata ndiyo rahisi kuthibitisha, ikifuatiwa na ada za maombi na za mitihani zilizopotea. Nafasi iliyokosekana ni ngumu zaidi, lakini mlango haujafungwa. Mwaka 1911 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Chaplin dhidi ya Hicks. Mwanamke mmoja alikuwa amefika hatua ya mwisho ya shindano, wagombea 50 wakiwania nafasi 12 za kazi ya uigizaji, na barua ya kumwita kwenye usaili ikamfikia kwa kuchelewa. Wakili wa mwandaaji alisema hakuna anayejua kama angeshinda. Mahakama ikasema kwamba fursa yenyewe ya kushindania ina thamani, na ikaidumisha fidia ya pauni 100 aliyokuwa amepewa. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini unaweza kutajwa mbele yake kwa kuwa sheria yetu ya mikataba imetoka shina moja. Mtoto mwenye alama zinazokubalika, ambaye ombi lake halikutumwa kabisa, anafanana na yule mwanamke. Mtoto ambaye ombi lake lilifika kwa wakati na chuo kikamkataa hafanani naye hata kidogo.

Dai lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kusikiliza kesi Milimani, Nairobi, mwaka 2021 na sasa ipo katika miji mingine pia. Huhitaji wakili, Kiswahili kinakubalika, kanuni ngumu za ushahidi hazibani, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kabla ya kufika huko, tuma barua ya madai yenye kiasi unachotaka na siku 14 za kujibu, kisha ulete nakala yake mahakamani pamoja na ankara, risiti na barua pepe zako. Dai la mkataba lina miaka 6 kabla ya kufungiwa, lakini kumbukumbu za walimu na mitambo ya shule hazidumu hivyo. Na tafadhali, usianze na kundi la WhatsApp la wazazi. Kumwita mshauri mwizi mbele ya watu mia mbili kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa wa kashfa.

Kuna shule ambazo hazitoi ushauri zenyewe, huwaleta mawakala. Mawakala wengi hulipwa kamisheni na vyuo vya ng'ambo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka, na mtoto anaweza kusukumwa kwenye chuo chenye kamisheni badala ya chuo kinachomfaa. Uliza moja kwa moja: nani anakulipa? Uliza pia pesa zako zinaingia akaunti ya nani. Wazazi wa Uasin Gishu waliolipia mpango wa masomo ya Ufini na Kanada waliishia kuandamana Eldoret mwaka 2023 wakitafuta pesa zao.

Kama mwanao yuko mwaka wa 12 sasa, iandikie shule wiki hii. Omba orodha ya kazi itakazofanya, majina ya watakaozifanya na tarehe za kuzimaliza, iwe na sahihi ya mkuu wa shule. Shule inayotimiza kazi yake haitaona shida kukupa.