METHALI INA VITI VIWILI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Wiki mbili zilizopita tuliitwa wazee wanne kwenye barza ya familia moja, hapa hapa Kisangani, ng'ambo ya kushoto ya mto, tusaidie kumaliza neno la urithi. Marehemu baba yao ameacha parsele moja, nyumba ya vyumba vitatu na miembe miwili. Watoto ni watatu, wanaume wawili na dada yao mmoja. Mama yao alitangulia. Mkubwa anataka kuuza, mdogo anakaa humo ndani na hataki kutoka.

Mkubwa alianza kwa sauti ya utulivu: "Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Wazee tukatikisa vichwa. Mdogo wake hakukawia: "Ni kweli, Yaya. Na hao hao wahenga walisema mkubwa ni jalala." Barza nzima ikacheka. Mkubwa akarudisha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji (methali ya pombe hii, lakini Waislamu tunaisema bila haya yoyote), mdogo akajibu kwamba nyani haoni kundule. Hapo nikapiga makofi, mimi mwenyewe, mzee mzima mwenye kanzu. Tukanywa chai, tukaomba dua, tukaagana. Neno la urithi likabaki pale pale lilipokuwa asubuhi.

Nilikuwa nimefika karibu na nyumbani kwangu ndipo nikakumbuka kwamba dada yao alikuwepo. Alikaa karibu na mlango, na sinia la vikombe mapajani. Ndiye aliyemuuguza baba yao mpaka siku ya mwisho. Hakuna aliyemuuliza kitu, na katika methali zote zilizorushwa siku ile hakuna hata moja iliyosemwa kwa ajili yake.

Kwa sababu hiyo somo la leo ni juu ya methali, hayo maneno mafupi ya wazee yenye chumvi na akili, ambayo sote tunayapenda na sote tunayatumia vibaya.

Tujiulize kwanza kwa nini methali ni tamu hivyo mdomoni. Ni fupi, ina mlio wake, na haina mwenyewe. Ukisema "mimi naona wewe ni mkaidi", mtu atakugombeza. Ukisema "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", atagombana na nani? Wahenga wamekufa zamani, hawaitiki barzani. Kwa hiyo methali inampa msemaji nguvu ambayo si yake, kama mtu aliyeazima kofia ya chifu. Huo ndio uzuri wake, kwa kuwa mnyonge naye anaweza kumwambia mkubwa neno zito bila kumtukana. Na hatari yake inatoka hapo hapo.

Tazama tena, wahenga hawakukubaliana. Walisema haraka haraka haina baraka, na walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Walisema mvumilivu hula mbivu, na walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Ni nani aliyekosea? Hakuna. Walikuwa wanaangalia hali mbalimbali za maisha, na kila hali walipatia neno lake. Aliyekosea ni sisi tunaochagua neno kwa kuangalia faida yetu, kisha tunasema limetoka kwa wahenga.

Wengi wenu mnamjua mtu wa namna hii, au mnamuona kwenye kioo. Amekopa madumu mawili ya mafuta ya mawese kwa mama mmoja sokoni, akasema atalipa mwisho wa mwezi. Mwezi umeisha, mama amekuja. Jibu lake ni nini? "Mama, haraka haraka haina baraka." Mama anarudi mikono mitupu, na kwa kuwa neno ni la wazee hata yeye anaona haya kukasirika. Baadaye mtu huyo huyo anadai watu wengine pesa ya mbao. Siku ya tatu tu amesimama mlangoni kwao anapaza sauti kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo! Matumbo ya mama wa mawese yalikuwa ya chuma?

Wenzetu Walega, wa upande wa Pangi, Shabunda na Mwenga, walikuwa na chombo ambacho nadhani vijana wetu wengi hawajakisikia. Ni kamba, wanaiita mutanga. Juu ya kamba hiyo wanafunga vitu vidogo vidogo: manyoya ya ndege, magamba ya konokono, vipande vya mifupa, vijiti, maganda ya mbegu, zana ndogo za mfano. Kila kitu kinasimama mahali pa methali, na kitu kimoja kinaweza kubeba methali zaidi ya moja. Vijana walifundishwa kwa kamba hiyo, na wazee waliishika walipoongea maneno ya watu. Kitabu chao, tuseme, kilikuwa kinaning'inia hewani.

Walega pia walikuwa na Bwami, chama chao cha hekima na daraja, na ndani yake kulikuwa na sanamu lenye nyuso nyingi waliloliita Sakimatwematwe, maana yake Bwana Vichwa-vingi, mfano wa mtu anayeona kila upande. Sisi Waislamu hatuna haja ya sanamu, na mambo ya Bwami si somo letu. Lakini fikra ya kamba ile inanipendeza sana. Methali zetu sisi zimekaa kichwani, gizani, na kila mtu anachomoa moja anayoitaka bila wenzake kuona alichokiacha. Kwenye kamba vitu vyote viko wazi mbele ya watu. Ukishika gamba la konokono na kulivuta, kamba nzima inatikisika, na lile nyoya la upande wa pili, ambalo huenda linasema kinyume chako, linacheza mbele ya macho yako. Mkubwa wa ile familia angeshika kitu cha "asiyesikia la mkuu" huku kile cha "jalala" kinamgonga mkononi.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Methali nyingi zinazohusu tabia ya binadamu zina viti viwili. Kuna anayesema na anayeambiwa, kuna mwenye mkuki na nguruwe. Sisi tukiitaja tunakimbilia kiti kizuri mbio mbio, kama watu wanaogombea nafasi ndani ya pirogi.

Chukua hii: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hapa Kisangani hatukufundishwa methali hiyo na mwalimu. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, siku sita, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana ndani ya mji ambao haukuwa wao wote wawili. Mabomu yalianguka juu ya nyumba za watu, na raia waliuawa kwa mamia. Tulikuwa nyasi, na mpaka leo tukiitaja methali hiyo tunajiona nyasi, na ni haki yetu. Lakini mtu akirudi nyumbani, akafunga mlango, akapigana na ndugu yake juu ya parsele, au na mkewe juu ya pesa, yeye ni nani siku hiyo? Watoto wamejibana kwenye kona wanasikiliza. Mwaka huo wa shule unapotea. Ndani ya nyumba yetu sisi ni tembo, ndugu zangu, na tumezoea sana kujililia kama nyasi.

Nimesema juu ya wengine, sasa niseme juu yangu.

Katika siku hizo hizo za Juni 2000, jamaa yangu mmoja alifika kwetu akikimbia mabomu ya ng'ambo ya pili. Alikuja na mkewe, watoto wanne, godoro moja na sufuria. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa mikono laini. Cherehani ilibaki kule. Tukawapokea vizuri, wallahi, siku ya kwanza mke wangu alichinja kuku. Lakini siku zilienda, unga ukapungua, sombe tukaila bila mafuta. Siku ya tisa tumekaa kwenye sahani, nikacheka nikasema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe!" Ulikuwa utani. Naye akacheka.

Alfajiri yake jembe langu halikuwepo nyuma ya jiko. Alirudi alasiri, ameparura kipande cha shamba langu la mihogo, na viganja vyake vimejaa malengelenge, mengine yamepasuka. Hakusema neno. Jioni mke wangu alipomuongezea bukari mtoto wao wa mwisho, yule mtoto alimtazama baba yake kwanza, kisha akasema ameshiba. Alikuwa na miaka minne hivi. Mtoto wa miaka minne hashibi kwa kumtazama baba yake.

Walivuka kurudi kwao kabla mtu yeyote hajaziba matundu ya mabati ya nyumba yao. Nilimwambia mlangoni kwamba lile lilikuwa neno la mchezo. Akasema anajua. Ameshafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na hatukulizungumza tena.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipokumbuka mwaka 1964, wakati wa vita vya Simba, mji ukiitwa bado Stanleyville. Nilikuwa mtoto wa miaka mitano. Baba yetu alitukimbiza kijijini kwa watu wa mama yake, na tulikaa huko siku ambazo sikuweza kuzihesabu. Hakuna aliyetuonyesha jembe. Kwa hiyo kiti cha mgeni nilishakikalia kabla sijajua kuandika jina langu, na nilikisahau mara tu nilipopata shamba na jembe vya kwangu.

Na dini imesemaje juu ya mgeni? Mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yametuwekea kwamba haki ya mgeni ni siku tatu, na linalozidi hapo ni sadaka. Angalia vizuri. Baada ya siku tatu yale yale unayompa yanabadilika jina, yalikuwa haki yake, sasa yanakuwa sadaka yako. Methali ya jembe haikukosea, inamfaa mgeni mvivu aliyekuja kunenepa. Mimi nilimwambia mtu aliyekimbia mabomu.

Kuna mwenye hekima mmoja ambaye sura ya 31 ya Qur'ani ina jina lake, naye ni Luqman. Maneno yake ni machache na yana picha kali, hata punda yumo, pale anapomuonya mwanawe juu ya kupaza sauti. Lakini tazama alikuwa anamwambia nani. Alikuwa anamwambia mtoto wake mwenyewe, uso kwa uso, ili mtoto aishi vizuri. Hakukuwa na barza ya kumpigia makofi wala mshindani wa kunyamazisha. Methali zetu ngapi tunawaambia watoto wetu namna hiyo, jioni, bila hasira, kabla hawajakosea? Nyingi wanazisikia kwa mara ya kwanza siku wanapogombezwa, ndiyo maana wanazichukia.

Mimi nimejiwekea desturi, nanyi mkiipenda ichukueni. Methali ikinijia mdomoni nikiwa na hasira, naimeza kwanza. Nageuka, nakaa kwenye kile kiti kingine, naisikia kama inaambiwa mimi. Nyani ni mimi. Mgeni ni mimi. Mama wa mawese ni mimi. Mara nyingi baada ya hapo haitoki tena, na ikitoka inatoka na sauti nyingine. Mke wangu anasema siku hizi nimekuwa mtu wa kunyamaza katikati ya maneno, kama redio yenye betri mbovu. Sawa.

Tukirudi kwa ile familia: barza itaitishwa tena Jumamosi baada ya Alasiri. Mafungu hayahitaji methali, sharia imeyahesabu. Ndugu wawili wa kiume na dada mmoja ni mafungu 5: mkubwa 2, mdogo 2, dada yao 1, na fungu hilo 1 si zawadi ya mtu yeyote. Kuuza au kukaa watazungumza wote watatu. Tumekubaliana sisi wazee kwamba yeye ndiye ataanza kusema. Nilipompelekea habari hiyo jana, aliuliza neno moja tu, kama atasema akiwa amesimama pale mlangoni. Nikamwambia hapana, kiti chake kitawekwa katikati.