Kufundisha Kazi za Foleni katika Kompyuta ya Pamoja

Mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha katika shule za Kariakoo, Gerezani au Upanga atakuta kwamba watoto wa siku hizi wanaijua kompyuta kwa njia moja tu. Kwao kompyuta ni simu ya mama au mashine ya mezani: mtu mmoja huketi mbele yake, hugusa, nayo humjibu papo hapo. Katika makala haya tunakusudia kueleza njia nyingine ya kuitumia kompyuta, ambayo ni ya zamani kuliko hiyo. Kazi huandikwa yote kwanza, hukabidhiwa, husubiri zamu yake, kisha hufanywa mwenyewe akiwa hayupo. Tutaonyesha pia jinsi ya kuifundisha katika Darasa la Sita pasipo kompyuta hata moja, maana ndivyo hali ilivyo katika shule nyingi tunakopeleka wanachuo.

Huenda mwanachuo akauliza jambo hili linamhusu nini mwalimu wa shule ya msingi. Ni kweli kwamba hesabu kubwa za utabiri wa hali ya hewa au za uchunguzi wa vimelea vya magonjwa hufanywa kwa njia hii. Lakini sababu yetu ni ya karibu zaidi. Kazi ya namna hii humdai mtu aandike maagizo yaliyokamilika, yanayoweza kufuatwa bila yeye kuwapo kuyafafanua. Mwalimu huandika maagizo kama hayo ubaoni kila siku, na mara nyingi huyaandika vibaya.

Mfano ulio karibu na mtoto

Tuanze na kile anachokijua mtoto. Jina lenyewe la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, ambao walipiga kambi mahali hapo baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916. Mahali hapo hapajaacha kuwa pa mizigo hadi leo. Mtoto apitaye Mtaa wa Kongo au Msimbazi huona mikokoteni na maguta, na huona wafanyabiashara wakipeleka bidhaa kwa wakala wa magari ya mikoani. Mfanyabiashara hasafiri na mzigo wake. Huufunga vizuri, huandika juu yake jina la mpokeaji, mji na namba ya simu, humweleza karani ukubwa wake, hupewa stakabadhi, kisha hurudi dukani. Karani ndiye ajuaye gari lipi lina nafasi. Ikiwa jina la mji limesahauliwa, mzigo hubaki sakafuni, na mwenyewe hana habari mpaka mpokeaji apige simu kuuliza.

Mwalimu asiuharakishe mfano huu. Awaulize watoto: Kwa nini karani hutaka kujua uzito? Ingekuwaje kila mtu angepakia mwenyewe? Majibu yao ndiyo msingi wa somo zima.

Kompyuta ya pamoja

Kompyuta ya pamoja, au klasta, ni kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa mtandao wa kasi ili zitumike kama chombo kimoja. Kila moja huitwa nodi, nayo ina prosesa zake na kumbukumbu yake. Mtumiaji huingia kwa kupitia nodi moja ya mlangoni. Hapo huandika, hupanga faili zake na kukabidhi kazi, lakini hafanyi hapo hesabu nzito, kwa kuwa mlango ni wa watu wote. Nyuma ya mlango huo zipo nodi za kazi. Katikati yupo mratibu wa foleni, ambaye si mtu bali ni programu. Mmoja wa waratibu wanaotumiwa sana duniani huitwa Slurm, naye alianza kutengenezwa katika maabara ya Lawrence Livermore huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Watoto wa Kariakoo wasidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo ilianza mwaka 1957 ikiwa chuo cha ufundi, ipo kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro na Bibi Titi Mohamed, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Mnazi Mmoja. Hapo, kwa ushirikiano na Serikali ya India, iliwekwa mashine ya jamii ya PARAM. Mashine za jamii hiyo hutengenezwa na C-DAC, shirika la India lililoanzishwa mwaka 1988 baada ya nchi hiyo kupata vikwazo katika kununua kompyuta kubwa kutoka Marekani. PARAM ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1991. Zilijengwa kwa kuunganisha prosesa nyingi za kawaida zifanye kazi kwa pamoja, na hilo ndilo wazo la klasta.

Wala foleni yenyewe si ngeni katika jiji hili. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, marufuku ambayo imekwisha kuondolewa zamani. Katika zama hizo, popote duniani, kazi nyingi za kompyuta zilipangwa kwa mafungu ya kadi zilizotobolewa matundu. Fungu lilikabidhiwa kwa mhudumu, na jibu likangojewa, pengine hadi kesho yake. Kadi moja ikikosewa, siku imepotea.

Hati ya kazi

Kazi hukabidhiwa kwa hati ya amri, yaani skripti. Tazama hii, ambayo yajumlisha alama za mtihani wa majaribio:

#!/bin/bash
#SBATCH --job-name=alama
#SBATCH --time=00:20:00
#SBATCH --mem=2G
#SBATCH --cpus-per-task=1
#SBATCH --output=alama_%j.txt
python3 jumlisha.py alama_zote.csv

Mstari wa kwanza wataja lugha ya amri itakayosoma hati. Mistari inayoanza kwa #SBATCH ni maneno kwa karani: jina la kazi, muda wa juu kabisa (hapa dakika 20), kumbukumbu inayohitajiwa, idadi ya prosesa, na faili ambamo majibu yataandikwa. Alama ya %j hugeuzwa kuwa namba ya stakabadhi ya kazi hiyo. Mstari wa mwisho ndio kazi yenyewe. Hati hukabidhiwa kwa amri ya sbatch, foleni hutazamwa kwa squeue, na kazi iliyotumwa kwa makosa hufutwa kwa scancel. Amri nyingine zipo, ila kwa mwanachuo hizi zatosha.

Tulipoanza kujifunza jambo hili katika mafunzo fulani, tulikabidhi kazi jioni, tukaenda zetu kwa fahari. Asubuhi tulikuta faili la majibu lenye mstari mmoja: faili la alama halikuonekana. Tulikuwa tumelitaja kwa jina tu, nalo lilikuwa katika kabrasha lingine. Kazi ilikuwa imesubiri karibu usiku kucha, kisha ikafa katika nukta ya kwanza ya zamu yake. Tungalikuwapo, tungalisahihisha mara moja. Lakini hatukuwapo, na mashine haikuwa na wa kumwuliza. Tangu hapo huijaribu kwanza kazi fupi yenye data kidogo kabla ya kuikabidhi ile ndefu.

Karani hufikirije?

Hapa pana utamu wa somo, na wanachuo wengi hupapita mbio. Foleni ya mratibu si foleni ya dirishani tu, ambapo wa kwanza huhudumiwa kwanza. Tuchukue klasta ya nodi 4. Kazi A imechukua nodi 3 kwa saa 2. Kazi B yataka nodi zote 4, hivyo yangoja A imalize. Nodi moja imekaa bure. Sasa yaja kazi C, inayotaka nodi 1 kwa saa 1. Mratibu aweza kuipitisha C mbele ya B, kwa sababu itakwisha kabla ya A, na B haitacheleweshwa hata kidogo. Lakini kama C ingetaja saa 3, isingepita, kwani saa ya pili ikifika ingekuwa bado imeshika nodi ambayo B yaingoja.

Basi mtu ajiombeaye muda mwingi kwa woga hujichelewesha mwenyewe. Na aombaye mdogo mno hupata hasara nyingine: muda ukifika mratibu huikata kazi, hata kama imebakiza dakika moja. Hapana budi kukadiria kwa kupima kwanza. Isitoshe, mratibu aweza kupangwa akumbuke nani ametumia mashine sana siku zilizopita, naye amrudishe nyuma kidogo ili wengine nao wapate.

Somo darasani

Madhumuni: mwishoni mwa kipindi cha dakika 40 mwanafunzi aweze kuandika maagizo ambayo mwenzake atayatekeleza bila kuuliza, na aeleze kwa nini kazi C ilipita mbele ya B.

Zana ni madawati 4, kadi za karatasi ngumu, saa ya ukutani na vizibo vya soda vya kuhesabia. Kila dawati ni nodi. Mwanafunzi mmoja ni karani. Kila kundi liandike kadi moja: jina la kazi, madawati yanayotakiwa, dakika zinazotakiwa, kazi yenyewe, na mahali pa kuandika jibu. Karani apokee kadi, atoe namba, apange. Watendaji madawatini wasome kadi na kufanya yaliyoandikwa, hayo tu. Mwenye kazi haruhusiwi kusema neno.

Sharti hili la mwisho ndilo gumu kulishika, na walivunjao ni walimu. Tulikagua kipindi kimoja ambamo kadi ilisema, "Hesabu vizibo," bila kutaja vipi wala jibu liwekwe wapi. Mtoto dawatini akahesabu kimya, akamaliza, akakaa. Mwanachuo wetu, kwa huruma, akamwinamia na kumwambia, "Andika jibu nyuma ya kadi." Kazi ikaokoka, somo likafa. Alipaswa kuiacha dakika ziishe, karani airudishe kadi ikiwa tupu, na kundi lililoiandika lione lenyewe kilichopungua. Mtoto yule hakuwa na kosa. Alifanya yote aliyoambiwa. Lakini ni watoto wangapi hupewa alama mbovu kwa kutokufanya jambo ambalo ubaoni halikuandikwa? Baada ya kipindi tulimtaka mwanachuo huyo asome tena zoezi la hesabu alilolitoa siku iliyotangulia. Akaona mwenyewe mahali pawili.

Ukifika mfano wa A, B na C, tumia dakika 6 badala ya saa 2, na dakika 3 badala ya saa 1. Kundi la B hulalamika sana wakiona C wanapita. Waache walalamike, kisha karani awaonyeshe kwa saa kwamba zamu yao imeanza dakika ile ile ambayo ingeanza. Wakati mwingine darasa hugawanyika hata hivyo, wengine wakishikilia kwamba foleni ni foleni. Usiwakatie shauri, kwani hata waendeshaji wa mashine hizo hupanga kanuni zao mbalimbali.

Darasa likizidi watoto 60, usiongeze madawati, bali endesha klasta mbili zenye makarani wawili, na mwanafunzi wa tatu aandike ubaoni saa ya kila kazi kuanza na kuisha. Kadi zilizoshindwa zisitupwe. Zifungwe kwa uzi na kuletwa chuoni pamoja na andalio la somo, kwa kuwa tutazitaka hizo kwanza.