Shujaa na Shabiki katika Hadithi za Watoto: Mfano wa Kakuma

Awer Mabil alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 1995, akahamia Australia mwaka 2006. Mwezi Juni 2022 alifunga penalti ya sita dhidi ya Peru, na Australia ikafuzu kwa Kombe la Dunia nchini Qatar. Mtunzi wa hadithi za watoto atashawishika kuifanya penalti hiyo kilele. Kwa maoni yetu, mhusika mkuu awe shabiki aliyebaki kambini. Akutanishwe na mtoto Mturkana wa Lodwar, kila mmoja akidai Mabil ni wa kwao. Ubishi huo, ambao ndio mgogoro wenyewe, utaendeshwa kwa Kiswahili, lugha wanayokutania. Naye mtunzi asiwasahihishie sarufi.