Anza na Dadu Mbili za Ludo

Tangu tamthilia ya Stranger Things ilipoanza kuonyeshwa mwaka 2016, na zaidi tangu mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3 ulipotoka mwaka 2023, watu wengi wamekuwa wakiulizia Dungeons & Dragons: inachezwaje, na wao waianze vipi. Wakikutana na kitabu cha kanuni cha kurasa zaidi ya 300, chote kwa Kiingereza, hamu inawaisha. Inaniuma, maana kitabu hakikuwahi kuwa sharti la kuucheza mchezo huu. Ukitaka kuanza, tafuta watu wanne, karatasi, kalamu na dadu mbili kutoka kwenye boksi la ludo.

Kwa asiyeujua: mtu mmoja ni msimulizi. Anaeleza mahali, watu waliopo na linalotokea. Waliobaki, kila mmoja anabeba mhusika wake na kusema anafanya nini; pale ambapo hakuna ajuaye kama atafaulu, dadu zinarushwa. Hakuna ubao wa lazima wala mshindi. Kisa kinatungwa palepale na wote waliokaa.

Historia yake inafaa kutazamwa kidogo, kwa sababu inaonyesha kilichowavuta watu na kilichowafukuza. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mchezo mwaka 1974 huko Marekani: nakala 1,000, boksi la vijitabu vitatu kwa dola 10. Vijitabu vile vilikuwa vigumu kuelewa ukivisoma peke yako. Lakini Arneson alikuwa amekwisha kuwasimulia wenzake wa Minnesota kisa chake cha Blackmoor kabla ya kitabu kuwapo, na mchezo ukaenea kwa njia hiyohiyo: aliyecheza alimkalisha asiyewahi, akamwonyesha. Mwaka 1983 Frank Mentzer aliandika lile boksi jekundu mashuhuri, ambalo lilimpitisha msomaji katika kisa kifupi cha kucheza peke yake kabla hajawaita wenzake. Watoto wengi wa wakati ule waliingia kwa mlango huo.

Kisha likaja anguko. Katika miaka ya 1990 kampuni ya TSR, iliyokuwa ikiuchapisha mchezo, ilitoa dunia moja ya kubuni baada ya nyingine, Ravenloft, Dark Sun, Planescape, Birthright, kila moja na vitabu vyake. Mashabiki wakagawanyika vikundi vikundi, wa dunia hii hanunui vya dunia ile. Kadi za Magic: The Gathering, zilizotoka mwaka 1993, zikazidi kuwavuta vijana, na mwaka 1997 TSR ikanunuliwa na Wizards of the Coast, haohao wenye kadi. Kupanda upya kulianza mwaka 2014, toleo la tano lilipotoka na kanuni zake za msingi zikatolewa bure. Mwaka uliofuata kikundi cha waigizaji wa sauti kilianza kurusha mtandaoni vikao vyake kwa jina la Critical Role, na mamilioni ya watu wakaona kwa macho meza inavyoendeshwa. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani, meza zikahamia kwenye intaneti.

Mimi nasoma hapo jambo moja: mchezo hupanda unapokuwa rahisi kuingia na unapoonekana ukichezwa, na hudorora unapomdai mgeni asome sana kabla ya kucheka na wenzake. Kwa hiyo meza yako ya kwanza iwe nyepesi kadiri unavyoweza.

Tuanze na dadu. Dungeons & Dragons hutumia dadu ya pande 20, ambayo huipati kirahisi dukani. Dadu za ludo zinatosha kabisa, na utaratibu uliozagaa tangu Vincent na Meguey Baker walipotoa mchezo wa Apocalypse World mwaka 2010 unazitumia mbili tu. Rusha zote mbili, jumlisha. Ukipata 10 au zaidi, umefaulu. Ukipata 7 hadi 9, umefaulu lakini kwa gharama. Ukipata 6 au chini, mambo yanakugeukia, na msimulizi anasema kwa namna gani.

Ile sehemu ya katikati ndiyo roho ya mchezo. Dadu mbili zina matokeo 36. Kufaulu bila gharama ni 6 kati ya hayo, kufaulu kwa gharama ni 15, na kushindwa ni 15. Mhusika mwenye ujuzi anaongeza 1, na hesabu inabadilika sana: 10, 16 na 10. Akiongeza 2 inakuwa 15, 15 na 6. Ndiyo maana nashauri usivuke 2. Ukimpa mtu 4 au 5, hatashindwa karibu kamwe, na kisa kitapooza.

Wahusika watengenezwe mezani, wasiletwe kutoka nyumbani. Kila mchezaji aandike sifa nne, yaani nguvu, wepesi, akili na maneno, kisha agawe 2, 1, 0 na kutoa 1. Chini yake aandike mistari mitatu: kazi yake, kitu anachokitaka, na mmoja wa waliopo mezani ambaye anamdai au anamficha jambo. Mstari huo wa tatu usiuache hata kama muda ni mfupi. Bila huo utapata watu wanne wasiojuana wanaongoja waambiwe wafanye nini.

Kisa nacho kiwe cha mahali ambapo wote wanapajua bila kusomeshwa. Majumba ya mawe ya Ulaya na mazimwi yake yana raha yake, ila yanamlazimu mgeni akuulize kila dakika vitu vinafananaje. Mimi napenda kuanza na jahazi. Limetoka Lamu likielekea Maskati kwa upepo wa kusi. Nahodha ameugua ghafla usiku wa pili. Ngamani mna sanduku ambalo halimo kwenye orodha ya shehena, na abiria mmoja hapati usingizi. Hayo yanatosha. Wachezaji wachague: sarahangi (msimamizi wa mabaharia), mpishi, mtoto wa nahodha, mfanyabiashara aliyepanda kwa jina la bandia.

Tuseme tanga limechanika kwenye foromali, boriti inayolibeba, na upepo unazidi. Msimulizi anamgeukia sarahangi: "Foromali inayumba, wenzako wameduwaa. Unafanyaje?" Anajibu: "Napanda mlingotini niiteremshe kabla haijavunjika." Hapo wepesi wake ni 1. Anarusha, anapata 4 na 3, na pamoja na ile 1 jumla ni 8. Amefaulu kwa gharama. Msimulizi mzuri haamui gharama peke yake, anampa uchaguzi: "Foromali inashuka salama. Lakini ama mkono wako unaumia na hutaweza kuvuta kamba mpaka tufike, ama pipa la maji ya kunywa linabingirika baharini. Lipi?" Meza nzima itaanza kubishana, mpishi akilia na maji yake. Acha wabishane. Hapo ndipo mtu aliyekuja kwa kusitasita anasahau kwamba alikuwa anasitasita.

Angalia swali lenyewe lilivyokuwa. Msimulizi alieleza kwa sentensi moja, kisha akauliza. Wanaoanza hujiandaa kwa kurasa nyingi na kusoma mbele za watu kama risala, wachezaji wanasinzia. Jiandae kwa nusu ukurasa: mahali, watu watatu wenye wanachokitaka, na jambo baya litakalotokea kama hakuna atakayelizuia. Mchezaji akifanya usilolitarajia, lifuate. Akilifungua sanduku mapema, limefunguliwa.

Kwa kawaida yetu ya kukaa wakubwa kwa wadogo, kuna jambo la kuzungumza kabla. Mjomba akiwa baharia na mpwa wake akiwa kaimu nahodha, kijana ataona haya kumpa amri mtu mzima. Kubalianeni kwamba ndani ya kisa mnaitana kwa vyeo na majina ya wahusika, na nje ya kisa heshima zinabaki kama zilivyo. Ianzisheni zamu kwa kiitikio kinachojulikana na wote, msimulizi aite "Paukwa!" nao waitikie "Pakawa!", na kila mtu atajua kwamba sasa anayesema ni kaimu nahodha, siyo mpwa.

Wazazi na viongozi wa dini wanaweza kuwa na wasiwasi, nao haukuanza leo. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Michigan State alipotea, magazeti yakauhusisha mchezo huu na kupotea kwake, na dhana hiyo haikuwa kweli. Mwaka 1982 ikatoka filamu ya televisheni, Mazes and Monsters, Tom Hanks akiwa mmoja wa waigizaji, na kwa miaka kadhaa familia nyingi za Marekani ziliamini mchezo unafundisha uchawi. Usimjibu mzazi kwa mabishano. Mkaribishe akae, asikilize kikao kizima, na akitaka apewe mhusika. Ikiwa nyumba haipendi habari za mashetani na uganga, yaache. Jahazi halina haja nayo.

Hata bila wazazi, weka karatasi yenye alama ya X katikati ya meza, desturi iliyoenezwa na John Stavropoulos. Yeyote akiona kisa kimegusa jambo linalomuumiza, anaigusa, na tukio linarukwa bila maswali. Mezani kunaweza kuwa na mtu aliyefiwa juzi, nawe hujui.

Kinachoua meza nyingi zaidi ya yote ni ratiba. Watu wazima wana kazi, harusi, misiba na foleni. Weka siku moja isiyobadilika, kwa mfano Jumamosi moja katika mwezi, saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili, ili kila mtu apate daladala ya kurudi. Na mkubaliane tangu mwanzo: wakifika watatu, mnacheza. Asiyekuja, mhusika wake amelala ngamani kwa homa ya bahari. Mkingoja wote wapate nafasi, hamtacheza.

Wenye ndugu mbali wasijinyime. Kati ya Mombasa na Maskati tofauti ni saa moja tu, hivyo Discord au simu ya WhatsApp ya pamoja inafaa. Kwa walioko Toronto, ambako saa zinapishana sana, chezeni kwa ujumbe wa sauti, tukio moja kwa siku, na mrushaji apige picha dadu zake.

Mkishafikisha jahazi Maskati, ndipo mtazame vitabu. Kanuni za toleo la tano zilizo katika hati iitwayo SRD 5.1 zinapakuliwa bure, na tangu Januari 2023 ziko chini ya leseni ya Creative Commons baada ya mashabiki kupinga vikali mpango wa Wizards of the Coast wa kubana leseni ya zamani. Maana yake mnaruhusiwa kuzitafsiri kwa Kiswahili, kuzipunguza, kuzichapisha na hata kuziuza, mradi mtaje zilikotoka. Gawaneni: mmoja asome mapigano, mwingine asome safari, kila mtu aeleze sehemu yake kwa dakika kumi. Na kisa cha pili asimulie mtu mwingine. Msimulizi akiwa mmoja siku zote, siku akihamishwa kikazi meza inakufa, kwa hiyo kabla hamjaachana ulizeni nani anachukua zamu, mwandike jina lake na tarehe.