Je, Maskini Wana Haja ya Uzuri?

Limezoeleka siku hizi neno hili vinywani mwa Wakristu wengi: kwanza tule, tuvae, tupate maji na matibabu, mambo ya uzuri tutayatazama baadaye. Katika mtaa wa Mabatini, hapa Mwanza, ambako nyumba zimepanda mlima kwa kushikana na mawe, na mama mwenye ndoo kichwani huhesabu kila hatua yake, neno hilo lasikika kama hekima tupu. Nani atathubutu kumwambia mama huyo habari za maua?

Nasi hatuidharau hoja hiyo. Tena twajua kwamba ni ya zamani. Ilitolewa hata kule Betania, Maria alipompaka Bwana miguu kwa marhamu ya nardo, nyumba nzima ikajaa harufu yake. Aliyenung'unika alikuwa mtunza fedha, akajua papo hapo kwamba marhamu ile ingaliuzwa kwa dinari 300, yaani karibu ujira wa mwaka mzima wa kibarua, nao maskini wakagawiwa. Mwinjili Yohane aeleza waziwazi kwamba msemaji huyo hakuwa na huruma yoyote kwa maskini. Lakini yafaa tuangalie jambo jingine: Bwana, ambaye mwenyewe hakuwa na mahali pa kulaza kichwa chake, hakuiita marhamu ile hasara. Alimtetea mwanamke.

Yatupasa basi kujua tunasema juu ya nini. Uzuri haupimwi kwa bei, wala kwa ukali wa rangi. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, aliutambua kwa mambo matatu: kitu kiwe kamili, kisipungukiwe na sehemu yake, sehemu zake zilingane, nacho kiwe na mng'ao, yaani kionyeshe wazi kile kilicho ndani yake. Kwa kipimo hicho, ungo uliosukwa vema na bibi wa kijijini ni kitu kizuri, wala haukugharimu ila muda na subira. Na sebule iliyosongwa makochi ya mkopo, hata mgeni hapati pa kupitisha mguu, si nzuri, ijapokuwa imekula mshahara wa miezi sita. Umaskini haumnyimi mtu uzuri. Ananyimwa siku ile anaposadiki kwamba haumhusu.

Anayetaka kuona kwa macho yake nguvu ya jambo hili na ashike njia ya Musoma hata Kisesa, mwendo wa kilometa zipatazo 20 kutoka mjini. Jirani na hapo pana Bujora. Katika miaka ya 1950 alikaa huko Padre David Clement, wa Shirika la Mapadre Weupe, mzaliwa wa Quebec nchini Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Makanisa mengi ya wakati ule yalijengwa kwa kufuata mfano wa yale ya Ulaya, marefu, watu wakipangwa safu nyuma ya safu. Padre Clement alijenga kanisa la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya Msukuma. Altare ikachukua umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Tabernakulo ikawa mfano wa nyumba ndogo, na mbele yake mkuki na ngao, silaha za mtemi.

Hebu tufikiri maana yake. Mzee wa Kisukuma asiyejua kusoma hata herufi moja aweza kuingia humo, akatazama, akafahamu kabla katekista hajafungua kinywa kwamba Mfalme yumo nyumbani. Atavua kofia bila kuamriwa. Jambo ambalo mafundisho ya miezi mingi hulikaribia kwa shida, macho yamelipokea mara moja. Na kuna zaidi. Mzee huyo pengine alikwisha kuambiwa, au alijiambia mwenyewe, kwamba kuwa Mkristu ni kutupa kila kilichokuwa cha babu zake. Sasa aona kiti cha babu zake kimepewa heshima ambayo babu zake wasingeweza kuiota, kwa kuwa juu yake hutolewa Sadaka ya Misa. Hapo moyo wa mtu hugeuka. Haugeuzwi kwa kutishwa, wala kwa kushindwa maneno, bali kwa kuvutwa. Na kwa maoni yetu hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya uzuri na nguvu nyingine zote zinazodai kubadili watu.

Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika Hati juu ya Liturujia iliyotolewa Desemba 4, 1963, ulitamka kwamba Kanisa halikujifanyia mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake peke yake, na kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga, mwana wa nchi hii, alitoa kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Bujora ilikuwa imekwisha kutangulia.

Halafu kuna ngoma. Neno bulabo kwa Kisukuma ni maua. Katika sikukuu ya Mwili wa Bwana, ambayo kwa kawaida huangukia Juni, njia ya maandamano ya Ekaristi ilitandazwa maua. Na kutokana na siku hiyo ikazaliwa sherehe ya Bulabo, ambamo baada ya ibada vyama vya ngoma hushindana. Wasukuma tangu karne ya 19 wana pande mbili za wachezaji, Bagika na Bagalu. Wao hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na mshindi ni yule atakayevuta umati mkubwa zaidi. Hakuna hakimu mwenye kipenga, na watazamaji hupiga kura kwa miguu yao! Ni kweli, desturi hiyo zamani iliambatana na dawa za kuvuta watu, na kwa sababu hiyo wamisionari wengi waliitazama ngoma kwa mashaka. Padre Clement hakuyafumbia macho hayo. Alichofanya ni kutenga ngano na magugu, kazi iliyo ngumu kuliko kuchoma shamba zima.

Kati ya ngoma hizo twapenda kuitaja bugobogobo, kwa sababu ni ngoma ya jembe. Kila aliyelima ajua jinsi jembe lilivyo zito kwa mtu aliye peke yake katika jua la saa nne. Lakini ngoma ikipigwa, safu ya wakulima ikainua na kushusha majembe kwa mapigo mamoja, kazi ile ile, udongo ule ule, jua lile lile, yabadilika. Mvivu aona haya kuachwa nyuma ya safu. Mnyonge abebwa na wenzake. Jioni shamba limekwisha, nao walioanza asubuhi kama vibarua warudi nyumbani kama ndugu. Hebu atuambie mwenye hoja ya mkate kwanza: je, hapo uzuri ulikuwa anasa iliyongojea chakula? Ulikitangulia chakula, ukakileta.

Haifai hata hivyo kuficha hatari. Tunda la bustani ya Edeni nalo lilipendeza macho, na Absalomu mwenye nywele nzuri alimwasi baba yake. Uzuri uliotengana na ukweli ni chambo. Binti anayejichubua ngozi aliyopewa na Muumba, kwa sababu ameaminishwa kwamba weusi ni kasoro, hakufuata uzuri, amedanganywa na wenye kuuza. Na familia inayofanya arusi ya siku moja kisha ikalipa madeni miaka mitatu, yastahili kuulizwa ilikuwa ikimpendeza nani. (Hata makanisani tusijisahau. Maua ya plastiki yaliyosahauliwa altareni tangu Pasaka mbili zilizopita, yamejaa vumbi, hayamwambii mtu kwamba Kristu yu hai. Ua moja la mwituni lililochumwa asubuhi ile lamtosha Bwana.)

Turudi Mabatini. Mto Mirongo wapita hapo ukishuka ziwani, na kila mkazi ajua umegeuzwa nini na wanadamu. Sheria zipo na faini zipo, nasi twaziunga mkono. Lakini sheria humshika yule aliyeonekana, na taka nyingi hutupwa usiku. Mtoto aliyefundishwa kufagia uwanja kabla ya jua kuchomoza, kupanga mawe kando ya mlango, kumwagilia mche wake mmoja katika kopo, huanza kuumia moyoni aonapo mfuko wa taka ukielea majini. Maumivu hayo hakuna diwani awezaye kuyapitisha kwa kura. Hupandwa nyumbani, na mama yule yule mwenye ndoo, ambaye mara nyingi, tumeona, ndiye wa kwanza kuotesha ua mahali ambapo hata udongo ni wa kuazima.

Papa Paulo VI, katika ujumbe wake kwa wasanii wa Desemba 8, 1965, Mtaguso ulipofungwa, aliwaambia kwamba dunia hii tunamoishi yahitaji uzuri ili isizame katika kukata tamaa. Hakuisema dunia ya matajiri.

Basi enyi wazazi, Juni ijapo, mkijaliwa nauli, wapelekeni watoto Bujora. Waacheni waitazame ngoma mpaka wachoke, kwa maana hawatachoka upesi. Wakitaka kuona ngoma za watemi na vyombo vya wazee, makumbusho yapo hapo hapo kanisani. Kisha waingizeni ndani kimya, wasimame mbele ya tabernakulo, na kabla ya kuwaeleza lolote, waulizeni ule mkuki na ile ngao ni vya nani.